Riwaya ya binti yangu imeninogea, nimwambie au ninyamaze?

MamaMsomaji: Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 15, anasoma riwaya ya msichana wa rika lake, na mama, baba na mdogo wake msumbufu. Humo hamna majini wala wafalme, ni maisha tu. Naisoma akilala, na sasa kuiacha siwezi. Nikimwambia, si ataichukia?

Kalamu_Butu: Mtu mzima na vitabu vya watoto!

Shangazi_Kauli: Watoto gani? Yule mwandishi Mmarekani S. E. Hinton alitoa riwaya ya vijana, *The Outsiders*, mwaka 1967 akiwa na miaka 18, na wazee wanaisoma hadi leo. Mimi dada yangu alificha riwaya chini ya godoro, mama akaikuta, tukachapwa wote. Nilikuwa sijaifungua hata.

Jirani_Mwema: Dada, kusoma kitabu hakumkoseshi mtu usingizi. Kuna nini?

MamaMsomaji: Haya. Anapigia mistari. Pale mama anaposema "tutaongea kesho" huku akikunja nguo, binti kaandika pembeni: "huyu ni mama mtupu".

Jirani_Mwema: Ukajifanya hujaona?

MamaMsomaji: Nimemjibu, hapo hapo chini: "alikuwa amechoka". Msinirukie, ni penseli, inafutika! Na mwandishi naye kamwonea yule mama. Anayesimulia ni msichana mwanzo mwisho, mama atajitetea lini?

Jirani_Mwema: Anajitetea kwa mikono. Usiku wote ule anakunja nguo za nani? Msichana anaona bila kuelewa, na utamu wa riwaya hizi ndio huo.

Kalamu_Butu: Chai hii. Wewe ndiye binti, unapima upepo mama asije akakushtukia.

Mpita_Njia: Au ndiye mwandishi, anauza kitabu kijanja. Jina lake mbona hatajiwi mtu?

Shangazi_Kauli: Akiwa binti kuna ubaya gani? Hinton mwenyewe mchapishaji alimshauri atumie herufi za mwanzo tu, isijulikane ni msichana. Mimi hata kama ni chai nakunywa.

MamaMsomaji: Jina sitaji, binti naye huwa anapita humu. Na leo nimekuta kanijibu: "kila siku?"

Kalamu_Butu: Tupia picha ya ukurasa.

MamaMsomaji: Situpii. Natafuta penseli nimjibu.

Jirani_Mwema: Dada, mtoto si yuko chumba cha pili?

MamaMsomaji: Nimebakiza sura mbili. Nikimaliza nitaongea naye.

Mpita_Njia: Yaani kesho.