Naomba ushauri: q = 0 na p_g = 0, je, uso huu ni rashonali?

Nukta_Sita: Wanajamvi, salaam. Ninaandika tasnifu juu ya uainishaji wa nyuso za projektivu juu ya namba changamano. Nimechukua polinomia tatu za digrii ya 2 katika P⁵, kila moja ikiwa na umbo F_i = Q_i(x₀,x₁,x₂) + R_i(y₀,y₁,y₂), zilizochaguliwa ili makutano yao X yawe uso laini. Kisha nikatumia ugeuzaji σ unaoacha x na kubadili ishara ya y, nikahesabu kila nukta na mwenzake kuwa nukta moja, nikapata uso mpya S. Hesabu yangu inatoa q = 0 na p_g = 0 (q ni idadi ya fomu huru za digrii ya 1 kwenye uso, p_g ya zile za digrii ya 2), nikaandika kwamba S ni rashonali, yaani karibu wote unalingana na P², bapa la projektivu, kwa fomula za vigawe. Msimamizi wangu amenirudishia ukurasa huo ukiwa na alama moja tu ya kuuliza. Nimekosea wapi?

Kizamani: Ndugu, hesabu yako ni sahihi, kilichokosewa ni hitimisho. Kigezo cha Castelnuovo kinadai q = 0 pamoja na P₂ = 0, yaani jenasi-wingi ya pili (idadi ya fomu huru za aina ya mraba, kama ω² hapa chini), na si p_g peke yake. Angalia X kwanza: kanuni ya ajanksheni inatoa K, daraja la fomu za digrii ya 2 za uso, kutokana na digrii za milinganyo yake: K = (2+2+2−6)H = 0 (H ni mkato wa hipabapa), kwa hiyo X ni uso wa K3 (wenye K = 0 na q = 0) na una fomu moja tu ya digrii ya 2 (ukiacha kuizidisha kwa namba), ω, isiyokuwa sufuri popote. Fomu hiyo hupatikana kwa kugawanya fomu ya kawaida ya P⁵ kwa F₁F₂F₃. Chini ya σ zile F hazibadiliki, lakini fomu ya juu hubeba ishara tatu za kutoa, moja kwa kila y, hivyo ω hugeuka −ω. Ndiyo maana haishuki hadi S na p_g inakuwa 0. Lakini ω² haibadiliki! Inashuka, na P₂ = 1. Uso wako ni uso wa Enriques (wenye q = 0 na 2K = 0, ingawa K si 0), mradi σ isiwe na nukta tuli (nukta isiyoihamisha), yaani Q₁, Q₂, Q₃ zisiwe na sufuri ya pamoja katika P², na R vivyo hivyo.

Mpindo_Hasi: Ningeongeza kwamba kabla ya kutaja tabaka lolote, ni lazima kwanza ukunje mipindo yote E ya aina ya P¹ yenye E² = −1 (E² ni namba ya makutano ya E na yenyewe), yaani uigeuze kila mmoja kuwa nukta, ili ufike kwenye modeli ndogo, uso usio na mipindo hiyo.

Kizamani: Kwa P₂ si lazima, maana haibadiliki unapokunja mpindo au kupuliza nukta (kinyume chake), kinachobadilika ni K². Isitoshe, hapa mipindo hiyo haipo kabisa: kwenye S tuna 2K = 0, hivyo E² + E·K = −2 inalazimisha E² = −2. Tahadhari yako ina uzito zaidi kwenye nyuso za aina ya jumla (ambazo jenasi-wingi zake hukua haraka), kwa mfano ule wa Godeaux wa 1931, unaotokana na uso wa digrii ya 5 katika P³ kwa kundi la vipengele 5. Nao una q = p_g = 0, lakini K² = 1 na P₂ = 2.

Nukta_Sita: Nashukuru sana, Mwalimu. Sura inayofuata inahusu dimensheni 3. Je, nitegemee kigezo kama hicho?

Kizamani: Hapana. Clemens na Griffiths walionyesha mwaka 1972 kwamba hipauso laini ya digrii ya 3 katika P⁴ si rashonali, ingawa q na jenasi-wingi zote ni 0. Walilazimika kutumia Jakobiani ya kati, torasi changamano inayoundwa kutokana na kohomolojia ya digrii ya 3. Irekebishe kwanza sura ya nyuso, na uandike wazi sharti la nukta tuli. Nadhani ile alama ya kuuliza ilikuwa hapo pia.