Chini ya kamba za chaza pananuka yai viza. Tupime nini?

Mchokoaji wa Fumba

Assalaam aleikum. Sisi ni kina mama kumi na wanne wa upande wa Fumba, Unguja. Tulikuwa tukichokoa chaza na kombe pwani maji yakitoka, na walipoanza kuadimika tukaingia kwenye kufuga chaza. Tuna kamba thelathini zinazoning'inia kwenye maboya, mahali ambapo hata likija bamvua kubwa maji hayashuki chini ya kifua. Mwaka wa pili huu, na chaza wanakua vizuri, alhamdulillahi.

Wiki iliyopita mwanangu alizama kukwamua nanga. Alipoibuka mikono yake ilikuwa myeusi, inanuka yai viza. Habari ikafika diko, na sasa wavuvi wa madema wanasema kamba zetu ndizo zinazofukuza tasi na kuua majani ya bahari. Mzee mmoja ninayemheshimu sana ameniambia mbele za watu, "Mnaiozesha bahari." Usiku ule sikulala.

Waliotufundisha walituonyesha kufunga kamba na kusugua makombe, basi. Kupima hakuna aliyekutaja. Nataka kuujua ukweli kabla ya kikao cha kijiji, na kama tunaharibu nitakuwa wa kwanza kukata kamba. Tupime nini, na kwa kifaa gani, maana maabara hatuna?

Mtumbatu aliye Arousa

Waaleikum salaam dada. Mimi mzaliwa wa Tumbatu, na mwaka wa tisa sasa nafanya kazi kwenye boti ya kuchukua sampuli huku ghuba ya Arousa, Galicia, kaskazini magharibi mwa Uhispania. Huku wanafuga kome. Wanatumia vyelezo vya mbao za mkaratusi, kila kimoja kina kamba hadi 500, kila kamba inashuka hadi mita 12, na Galicia nzima vyelezo vinazidi 3,000. Tope jeusi nimelishika sana.

Kome na chaza hawalishwi, wanachuja maji. Kome mmoja aliyekomaa huchuja lita kadhaa kwa saa. Anachokitaka anakimeza, asichokitaka anakivingirisha kwenye kamasi na kukitema, na hicho pamoja na kinyesi huzama. Mkondo ukiwa na nguvu, kinatawanyika na minyoo na kaa wanakila. Mkondo ukiwa mlegevu kinarundikana palepale, vijidudu vinavyokiozesha vinamaliza oksijeni ndani ya tope, na hapo ndipo inapozaliwa hewa ya salfaidi ambayo mwanao aliinusa.

Lakini usikimbilie kukiri wala kukana. Nenda mikokoni ukafukue kiganja kimoja tu, utakuta weusi uleule na harufu ileile, na hapo hakuna aliyefuga kitu. Kinachotakiwa kujulikana ni weusi unaanzia wapi kutoka juu, na kama chini ya kamba unaanzia karibu zaidi kuliko mahali pasipo na kamba. Kwa hiyo ukipima chini ya kamba peke yake, umepoteza siku yako. Tafuta sehemu mbili nyingine, moja kila upande, mita 200 au zaidi kutoka kwenye maboya, zenye kina kilekile, mchanga wa aina ileile na mkondo uleule. Uzoefu wangu ni kwamba athari ya tope huwa nzito chini ya kamba, inapungua ndani ya makumi machache ya mita, halafu inapotea.

Kifaa: kata bomba la plastiki la maji, la inchi mbili, urefu wa mkono. Mzamiaji alishindilie mchangani, azibe tundu la juu kwa kiganja, alichomoe polepole, na huku juu mlisukume lililomo kwa kijiti mpaka litoke zima kwenye sinia jeupe. Pakiwa na uhai utaona mchanga wa kahawia juu, vijishimo vya minyoo, pengine kaa mdogo anakatiza sinia. Pakiwa pameelemewa, weusi unaanzia juu kabisa, laini kama uji uliopoa, na juu yake utando mweupe kama pamba. Utando huo ni bakteria waitwao Beggiatoa. Ukiuona, ondoa kamba siku hiyohiyo, usingoje kikao. Minyoo wa kila namna wanakuwa wamekimbia, wamebaki wale wembamba wekundu, Capitella, wanaoshonana kama nyuzi. Chukua mabomba matatu kila sehemu na upime kwa rula.

Kwa majani, tengeneza fremu ya sentimita 50 kwa 50, itupe bila kuchagua, ukadirie majani yamefunika kiasi gani. Rudia kaskazi na kusi, maana masika huleta maji ya tope kutoka nchi kavu, na mtu asije akawabebesha nyinyi mzigo wa mvua.

Mama Mwani, Jambiani

Mwanangu, msikilize huyo. Mwani wa biashara ulianza huku kwetu Paje na Jambiani mwaka 1989, mimi niliingia miaka miwili baadaye. Tuling'oa majani ya bahari ili kupata nafasi ya kuchomeka vijiti, tukakanyaga kila siku njia zilezile. Leo mtu akiniuliza majani yalikuwa mangapi kabla, namwonyesha kwa mikono tu. Kotonii, aina ya mwani tuliyokuwa tukipanda, ilipoanza kufa, huyu alisema joto, yule alisema uchafu wa mahoteli, mwingine husuda. Hakuna aliyekuwa na daftari la joto la maji la hata msimu mmoja. Tumebishana miaka na hakuna aliyeweza kumwonyesha mwenziwe kitu. Daftari, mwanangu. Na liandikwe tarehe ya mwezi mwandamo pia, ili mjue lilikuwa bamvua au maji mafu.

Mchokoaji wa Fumba

Nashukuru sana, kaka wa Tumbatu, na wewe mama, shikamoo. Bamvua la juzi tulipima. Nilimwomba yule mzee aje nasi, na yeye ndiye aliyeshika sinia.

Chini ya kamba za katikati weusi unaanzia sentimita 1. Kwenye kamba za pembeni, 3. Sehemu ya kusini tuliyolinganisha nayo, 5. Sehemu ya kaskazini imenichanganya: 2, na hakuna kamba hata moja huko. Utando mweupe hatukuuona. Majani chini ya kamba za katikati hayafiki robo ya fremu, kusini yanapita nusu.

Mzee alinusa bomba la kaskazini akanyamaza. Halafu akauliza hili nalo nani kaliozesha.

Mtumbatu aliye Arousa

Dada, mmefanya kazi ya maana. Kaskazini huko nadhani mko karibu na mlango wa mto wa mikoko, ndiyo? Basi ni pazuri kwa nafsi yake, ila hapafai kulinganishia, tope la mikoko linafika. Tafuteni pengine, lakini hilo bomba liandikeni vilevile, msilifute.

Katikati mnapaelemea, huo ndio ukweli, na mseme wenyewe kikaoni kabla hamjaulizwa. Na majani kupungua si tope tu, kamba na maboya vinatia kivuli. Ondoeni safu moja, muache moja, ili mkondo upite, na safu mlizotoa zihamishieni mahali penye mchanga mtupu, si juu ya majani. Halafu nataka kukuuliza: makombe mnayasugulia wapi?

Mchokoaji wa Fumba

Palepale baharini, mlemle ndani ya maji. Uchafu unaanguka chini. Subhanallah.

Mlango wa mto ndiyo upo.

Mtumbatu aliye Arousa

Basi kuanzia kesho sugulieni nchi kavu, takataka mkazifukie kwenye shamba la muhogo. Alama ya mahali pa bomba ifungeni kwenye jiwe lenye boya dogo, na bamvua la miezi mitatu ijayo mrudi palepale. Kila sinia lipigwe picha na rula pembeni. Na mzee aendelee kushika sinia, kama atakubali.