Doxy ya chunusi inanichoma kifua, niache?

binti_sakina: Wadau naombeni msaada. Nina chunusi zile kubwa za usaha mashavuni na mgongoni, daktari kaniandikia doxy (doksisaiklini, kapsuli ya antibayotiki) ya miligramu 100 moja kwa siku na jeli ya benzoili peroksaidi ya usiku. Sasa kila nikimeza kifua kinawaka balaa, halafu nauza mboga Kilombero, jua kutwa, uso umeanza kubabuka. Jirani anasema nisimeze tena, nipasue kapsuli nipake unga wake usoni eti ndo inafika haraka. Niache?

mzee_wa_kibosho: Unga usipake kabisa dada. Hiyo ya kupasua kapsuli za rangi mbili na kumwagia unga kwenye kidonda huku kwetu ipo tangu enzi, kigaga kinakauka juu usaha unabaki chini.

dawa_tu: Niko duka la dawa. Wengi wanameza na fundo moja la maji halafu wanajitupa kitandani, kapsuli inanasa njiani inaunguza. Meza umekaa, na chakula, maji glasi nzima, usilale walau nusu saa. Usichanganye na chai ya maziwa wala vidonge vya kuongeza damu, vinaipunguza nguvu. Una mimba? Kama unayo rudi kwa daktari, haifai. Na usitegemee wiki moja, ni wiki 6 mpaka 12, jeli usiiache maana ndo inazuia vijidudu kuwa sugu. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, acha nenda hospitali siku hiyohiyo.

mpandisha_wageni: Ya jua ni kweli, wageni wengi wanaimeza kuzuia malaria, asiyepaka losheni ya jua anashuka Mlima Kilimanjaro pua imechunika. Vaa kofia pana.

mama_wawili_moshi: Samahani naingilia, wangu wa miaka 5 ana mapunye kichwani, nimpe hiyohiyo?

dawa_tu: Hapana mama! Mapunye ni fangasi, antibayotiki haiyagusi, na doxy chini ya miaka 8 hatuitoi hovyo, inaharibu rangi ya meno. Ya kichwani yanataka vidonge vya fangasi, krimu peke yake haitoshi. Uko Moshi, mpeleke hospitali ya KCMC, wana kituo cha ngozi tangu 1992.

binti_sakina: Asanteni, mimba sina. Ila chai ya maziwa ndo naimezea kila asubuhi 😅 Na hii jeli mbona foronya imetoka madoa meupe?

dawa_tu: Inachujua nguo hiyo. Tandika nyeupe.