Tupeane uzoefu: kiungio cha mpira wa maji kikikatika kwenye gari ya zamani, uliokoaje injini?

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Naleta hili kwa sababu nusura nipoteze injini kwa kidude cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole changu.

Gari yangu ina zaidi ya miaka 20. Mipira ya rejeta nilishabadilisha yote miwili, wa juu na wa chini, moyo ukatulia kwamba upande wa maji sina deni tena. Kumbe kule nyuma ya injini, karibu na ukuta wa dashibodi, kuna kiungio cha T kinachokutanisha mipira midogo ya hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari. Hakionekani mpaka uiname na tochi. Hicho ndicho kilichokatika, nikiwa kwenye mwendo.

Kwanza ilikuja harufu tamutamu, kama dawa ya kikohozi. Nikapuuza. Baada ya muda mshale wa joto ukapanda kupita pale ulipozoea kukaa, halafu ukashuka ghafla. Nilifurahi, nikasema gari imejipoza. Hapa ndipo ninapotaka kila anayesoma atulie: ile sensa ya mshale inapima joto la maji yaliyoizunguka. Maji yakikimbia, inabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kushuka wakati chuma kinaungua. Kilichoniokoa ni mvuke mweupe uliotoka pembeni mwa boneti. Nikaegesha, nikazima hapo hapo.

Nilisubiri zaidi ya saa nzima ndipo nikagusa kifuniko cha rejeta. Kiungio nilipokitoa kilikuwa kimegeuka kutoka nyeusi kuwa kahawia, nikibonyeza kwa kucha kinamegeka kama udongo mkavu. Nusu yake ilibaki imekwama ndani ya mpira. Nimeweka T ya shaba ya kipenyo kile kile na klipu mpya, gari inatembea. Ila nimejiuliza, wenzangu mmepitia nini na mlifanyaje? Tupeane uzoefu.

Mchangiaji wa pili

Pole sana mkuu, na hongera kwa kuzima mapema. Mimi yalinikuta usiku, mbali na duka lolote la spea, T hiyo hiyo ya hita. Nilichofanya ni kuiruka hita: mpira unaotoka kwenye injini nikauunganisha moja kwa moja na ule unaorudi. Tatizo likawa niunganishe kwa nini. Kwenye boksi la spana nilikuwa na soketi ndefu, iliyo wazi huku na huku. Nikaipaka maji ya sabuni, nikaisukuma nusu mpira huu, nusu mpira ule, nikakaza klipu mbili kila upande.

Soketi ni laini, haina ule ukingo wa kuzuia mpira usichomoke. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta nilikiacha kwenye hatua ya kwanza bila kukikaza mpaka mwisho, ili presha isijengeke. Presha ndiyo inayosukuma mipira. Vifuniko vingi vinashika kama bar 1, na kwa presha hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Ukiilegeza unapunguza nguvu ya kuchomoa mpira, lakini maji yanawahi kuchemka, basi ukanyage mafuta taratibu na usimame kukagua kila mara. Nilisimama mara nne. Nikafika.

Mchangiaji wa tatu (fundi)

Nashukuru kwa uzi huu, maana gari nyingi zinaletwa kwangu hedi (kile kichwa cha juu cha injini) ikiwa imeshapinda, na ukifuatilia chanzo unakuta kipande cha plastiki.

Niongeze upande wa kutoa kile kilichobaki ndani, kwa sababu hapo ndipo watu wanapovunja kingine. Nikiwa bado najifunza kazi, niliushika mpira wa hita kwa koleo nikauzungusha kwa nguvu ili utoke. Mpira ulitoka, lakini kile kibomba cha rejeta ndogo ya hita nacho kikapinda na kupasuka kwenye mshono. Ni bomba la chuma chembamba sana. Kazi ya nusu saa ikawa ya kufungua dashibodi nzima, siku mbili, gari ya mtu. Sijaisahau.

Siku hizi mpira uliong'ang'ania siuvuti. Nauchana kwa wembe kwa urefu, kutoka ukingoni kuelekea nyuma, taratibu, wembe usiguse bomba lenyewe. Kisha naubandua kama ganda. Mpira unabadilishwa, bomba linabaki zima. Na kama ni kipande cha plastiki kilichobaki ndani ya mpira mzuri unaotaka kuutunza, ingiza kipande cha msumeno wa chuma ndani ya tundu, kata mfereji mmoja tu kwenye plastiki, halafu ikunje kwa ndani kwa koleo jembamba. Inaachia yenyewe. Hesabu vipande vyote mpaka vikutanike, kwa sababu kimoja kikisafiri kwenye maji kitaziba njia nyembamba za rejeta au kukwama kwenye thamostati, ile vali inayofungulia maji yakipata moto.

Kuhusu kumwaga maji ya baridi kwenye injini iliyochemka: jamani, acheni. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinaweza kupasuka. Subiri ipoe.

Mchangiaji wa nne

Kaka fundi, asante, hilo la wembe nimelipenda. Yangu ni kuhusu klipu, na nilijifunza kwa kuumia.

Nilibadilisha kiungio mwenyewe, kikawa kinavuja tone moja moja asubuhi tu, injini ikiwa baridi. Ikipata moto panakauka. Nikawa kila asubuhi nazungusha bisibisi kidogo. Siku ya tano nikasikia "tak". Nilikuwa nimekaza mpaka plastiki mpya imepasuka chini ya klipu. Baadaye nikaelezwa kwamba mpira na plastiki vinatanuka na kunywea kwa joto, na klipu ya skrubu haifuati, inabaki pale ulipoiacha. Ile ya springi niliyoitupa kwa kuona ni ya kizamani ndiyo inayofuata, inabana muda wote. Nikatafuta nyingine za springi, kipimo sahihi, na uvujaji umekwisha hadi leo.

Na klipu ikae nyuma ya ule ukingo wa bomba, isikae juu yake. Nyingi ninazoziona zimekaa juu ya ukingo.

Mchangiaji wa tano

Mimi nilitumia gundi ya vichupa viwili, ile ya kuchanganya. Nilikwaruza, nikasafisha, nikaiacha ikauke usiku mzima. Ilishika siku tatu, ya nne ikaachia nikiwa kwenye mlima. Plastiki iliyochoka haishikiki, gundi yenyewe ilikuwa nzima, imebandukana na ngozi ya juu ya plastiki. Tepu ya silikoni inayojishika yenyewe ilinisaidia zaidi, kwa ufa wa kwenye mpira. Unaivuta mpaka inyooke sana, unazungusha juu ya pakavu, tabaka tatu au nne. Lakini ni ya kufika nyumbani tu.

Mchangiaji wa tatu (fundi)

Kweli kabisa. Na mkishafunga, toeni hewa. Wengi wanafunga kiungio kizuri halafu gari inachemka tena, wanalaumu spea. Hewa imejifungia juu. Ukianza na injini ya baridi, inua pua ya gari, washa hita kwenye moto wa mwisho, kifuniko wazi, acha injini iungurume huku ukiminya mpira wa juu kwa kitambaa. Utaona mapovu. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka yatoke maji matupu. Hita ikipuliza baridi wakati injini ina moto, hewa bado ipo.

Kingine, kolanti, ile dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji ya rejeta, ikimwagika chini iosheni. Ni sumu, na ina ladha tamu, mbwa na paka huilamba. Watoto pia.

Mleta uzi

Wakuu, nimerudi. Baada ya kusoma ya fundi na ya dada wa klipu, leo asubuhi nimeinama tena na tochi. Nimeminya kila mpira karibu na klipu, si katikati, na mmoja wa hita nimeusikia unakwaruza kwa ndani kama karatasi. Nimeuchana kwa wembe: nje unang'aa, ndani una ufa mrefu ulioanzia ukingoni.

Nikatafuta viungio vingine vya plastiki. Nilidhani nina kimoja, vipo vitatu. Cha pili kilikuwa kizima kwa macho, nilipokishika kuangalia nyuma yake kikakatika mkononi, bila nguvu yoyote. Nimebadilisha vyote pamoja na mipira yake, klipu za springi, nikajaza kolanti na maji safi nusu kwa nusu badala ya maji matupu niliyokuwa nimeweka siku ile ya dharura.

Hewa imetoka kwa dakika kama ishirini. Hita sasa inapuliza moto. Kesho nitaangalia kiwango cha maji injini ikiwa baridi, nitawaambia.