Mjadala: Video za kazi ya darasa zirekodiwe nyumbani, au shuleni tu?

Hoja: Chini ya mtaala wa umilisi nchini Kenya, wanafunzi wa sekondari msingi hupewa kazi ya kutengeneza video fupi: jaribio la sayansi, igizo, mahojiano. Nyingi hurekodiwa kwa simu ya mzazi. Je, ni haki zipewe alama?

Mzazi, Gredi ya 8
Si haki. Kazi ikifanywa nyumbani, kinachopimwa ni simu ya mzazi na bando lake. Kwenye simu nyingi, dakika moja ya video ya 1080p, kiwango cha juu cha ubora wa picha, hula MB 100 hadi 130. Dakika tatu zinakaribia MB 400, na hapo hamjarudia hata mara moja. Simu ya GB 32 iliyokwisha kujaa itafutwa nini? Isitoshe, mara nyingi anayehariri usiku ni mzazi au kaka mkubwa. Alama hizo ni za nani?

Mwalimu wa Sayansi
Kuhusu nyumbani nakubaliana nawe, mzazi. Lakini tusiitupe video yenyewe. Inaonyesha kama mwanafunzi anasoma kipimo jicho likiwa usawa wa maji au anakisia tu, na karatasi haionyeshi hilo. Turekodi shuleni kwa simu moja. Darasa la wanafunzi 60 ni vikundi kumi. Video isizidi dakika mbili, na kamera ishushwe hadi ubora wa chini, 720p, ambao hula MB 60 hadi 90 kwa dakika. Kikundi kikirekodi mara nne ya kinachohitajika, vikundi vyote vitafika dakika 80, yaani GB 5 hadi 7. Kadi ya GB 16 inatosha na kubaki.

Kipindi cha kwanza ni cha skripti, maneno 200 hivi. Cha pili, karatasi igawanywe miraba sita, kila mraba na mchoro wa picha moja na anayesema nini. Baada ya hapo vikundi vitatu virekodi kwa kila kipindi.

Mwalimu wa Kiswahili
Hesabu hiyo inafika vipindi sita, Mwalimu. Kwa video ya dakika mbili! Hizo ni zaidi ya saa za wiki nzima za somo lako. Kazi ya aina hii iwe moja kwa muhula, si kila mada.

Mlezi wa klabu ya uanahabari
Muda mwingi huliwa na kurudia, na kinachorudiwa zaidi ni sauti. Simu ikiwa mita tatu kutoka kwa msemaji, chini ya paa la mabati, hunasa mwangwi kuliko maneno, na kuusafisha baadaye ni kazi ngumu isiyo na matokeo mazuri. Tafuteni simu ya pili, hata kuukuu, ifunguliwe kinasa sauti na iwekwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, nje ya picha. Zote mbili zikishaanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri mnalinganisha mlio na viganja vinapokutana. Klipu ziwe za sekunde 20 hadi 30, maana simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, na kwenye klipu ndefu sauti huanza kuachana na midomo.

Washeni hali ya ndege, kwani simu ikiita huweza kukata rekodi. Msemaji aelekee dirisha. Likiwa nyuma yake, uso huwa giza. Na mfute lenzi!

Mwalimu wa Kiswahili
Hayo yafundishwe, ila mwanga usiingie kwenye alama. Kati ya 20: skripti 8, usahihi wa maelezo 6, kusikika 4, ushiriki wa kila mmoja 2. Muziki na madoido, sifuri. Skripti nayo isahihishwe kabla ya kamera kuwashwa, la sivyo kosa moja la sentensi linadai kurekodi upya.

Mzazi, Gredi ya 7
Hamjagusa idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto. Fomu iseme nani ataiona video na itafutwa lini. Kuirusha kwenye WhatsApp ya wazazi wote ni kuisambaza. Mtoto asiyeruhusiwa kuonekana, arekodiwe mikono tu au awe msimulizi, na asipunguziwe alama.

Mzazi, Gredi ya 8
Na simu hiyo moja ni ya nani? Ikiwa ya mwalimu, sura za watoto wetu zinalala kwenye simu ya mtu binafsi, na uchakavu anaulipia yeye. Shule ndiyo inunue.

Mwalimu wa Sayansi
Inunue, kweli, sina hoja ya kupinga hilo. Kabla haijanunua, kadi iwe ya shule. Kamera ipangwe kuhifadhi kwenye kadi, si ndani ya simu, na kadi itolewe jioni ikae ofisini. Zima pia upakiaji wa picha mtandaoni kabla ya kurekodi, kwa sababu Google Photos ikiwa imewashwa huweza kupeleka nakala kwenye akaunti ya mwenye simu, na kutoa kadi hakutazifuta.