Naomba ushauri: mdahalo kuhusu polisi na wakazi baada ya Katrina

Wakuu, habari za saa hizi. Kwenye mdahalo kuhusu polisi na kimbunga Katrina, 2005, nimepangiwa kuwatetea polisi na nimekwama. Tukio la Daraja la Danziger, New Orleans, Marekani, halina utetezi: Septemba 4 polisi waliwapiga risasi raia wasio na silaha, wawili wakafa, wanne wakajeruhiwa, kisha bastola ikapachikwa iwe ushahidi. Nilijaribu hoja ya uchovu, lakini uchovu hauandiki ripoti ya uongo.

Kigumu ni Gretna, mji jirani ng'ambo ya mto Mississippi. Polisi wa huko walifunga daraja la kuvukia mto, wakawarudisha waliokimbia New Orleans kwa miguu, wakidai mji wao hauna chakula wala pa kuwaweka. Kabla ya hapo waliwasafirisha wengine kwa mabasi.

Je, uhaba unatosha kisheria kumzuia mtu anayeokoa maisha yake? Na hayo mabasi niyataje, au yatanigeuka?