Gunia langu la plastiki ngumu limerudishwa, nitenganisheje?

Muokotaji wa Kibirizi: Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, nakusanya madumu ya mawese, makreti, viti vilivyovunjika miguu na vipande vya mabomba. Juzi mnunuzi amenirudishia gunia zima, eti nimechanganya. Imeniuma sana. Tuliyaosha madumu yale na mke wangu kwa maji ya moto na majivu, maana mawese yakishaganda maji baridi hayayatoi. Nitajuaje ipi ni ipi?

Fundi Mashine: Pole ndugu yangu. Pindua dumu, angalia kitakoni: kuna pembetatu ya mishale yenye namba inayotaja aina ya plastiki. 2 ni HDPE, ndiyo madumu na makreti mengi. 5 ni PP, viti na ndoo nyingi. 3 ni PVC, mabomba ya kijivu. Hiyo ndiyo adui. Ikipashwa moto hutoa gesi yenye asidi, inakula chuma cha mashine ya kuyeyushia plastiki na kifua cha mtu.

Muokotaji wa Kibirizi: Na namba ikiwa imefutika?

Fundi Mashine: Kata kipande kidogo, kizamishe kwenye beseni la maji ukiachie. 2 na 5 huibuka, PVC hubaki chini. Usichome kunusa moshi, nakusihi.

Mama Chenga, Ujiji: Na 2 ukiigusa ina utelezi kama mshumaa, kucha inaacha alama. 5 ni ngumu zaidi.

Muokotaji wa Kibirizi: Nimejaribu sasa hivi. Vipande 4 vya bomba vimezama! Ahsanteni, kesho nalichambua gunia lote.